Programu bila serveri: kitu gani kijana wa Likasi anaweza kujifunza leo, na kwa bei gani

Mu Likasi, kuweka serveri ku nyumba ni kutafuta mateso. Serveri ni ordinateri ambayo haina ruhusa ya kulala: usiku na mchana inangojea mtu aulize kitu, ipate kujibu. Uiweke Kikula, uiweke Panda ao Shituru, siku moja courant inaenda, betri inashikilia dakika kidogo, kiisha kimya. Mwenye pesa anawasha groupe na mazutu inaungua. Ajabu ni kwamba barrage za Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, haziko mbali na siye, na ile ya Mwadingusha ilianza kutoa umeme tangu 1930. Lakini hapa hakuna mtu wa kuelezwa maana ya delestaji.

Juu ya hiyo tumeona vizuri kuzungumza leo na wasomaji wetu, zaidi wale wanaosoma informatique na wazazi wanaowalipia masomo, habari ya namna moja ya kutengeneza programu ambayo imekamata nguvu mu dunia. Kwa Kifaransa wanaiita "sans serveur", kwa Kiingereza "serverless". Masomo yake ni mingi na mengine ni ya bure kabisa. Lakini mengi yameandikwa na watu ambao hawajawahi kuhesabu mega zao kabla ya kufungua video. Tumechambua yale ambayo mtu wa hapa anaweza kushika.

Kwanza, jina linadanganya. Serveri ziko, tena nyingi, lakini ziko mu nyumba ya mtu mwingine, na yeye njo anaangalia courant, joto, vumbi na wezi. Zamani, mtu aliyetaka programu yake ifanye kazi ku intaneti alikuwa anakodisha mashini nzima kwa mwezi, awe na wateja ao asiwe nao. Sasa kuko namna ya taxi-moto: unalipa safari. Ile saa moto imesimama pa kona inangojea, haulipi kitu.

Kazi inaenda hivi. Unaandika kipande kidogo cha programu, kinaitwa fonksioni. Kina kazi moja tu: tuseme, kupokea jina la dawa na kujibu kama iko mu depo ao haiko. Unakituma kwa kampuni ya klaudi, kinalala pale. Mtu akibonyeza ku telefoni yake, kampuni inakiamsha, kinafanya kazi sehemu ya sekunde, kinajibu, kiisha kinalala tena. Unalipa ule muda kilikuwa macho. Watu mia wakibonyeza pamoja, zinaamshwa fonksioni mia, na wewe mwenyewe labda uko unakula bukari, hauna habari.

Amazon njo ilileta namna hii mbele ya watu wengi, mwezi wa 11 mwaka 2014, ilipotangaza Lambda kule Las Vegas. Google na Microsoft zilifuata, na Cloudflare ikaleta Workers mwaka 2017. Jambo moja ambalo vijana wetu hawaambiwi mara nyingi: EC2, ile huduma ya Amazon ya kukodisha mashini iliyofungua njia ya hayo yote mwaka 2006, ilitengenezwa na kundi lililokuwa linafanya kazi Cape Town, Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu akikuambia klaudi ni mambo ya wazungu wa mbali, umujibu polepole.

Sasa tuhesabu, maana pa Likasi mazungumzo bila bei si mazungumzo. Tuchukue mfano wa depo ya dawa inayopokea maulizo 3.000 kwa siku. Kila ulizo linashika fonksioni sehemu mbili za kumi za sekunde, na fonksioni yenyewe imepewa mega 128 za kumbukumbu. Kwa mwezi ni maulizo 90.000. Lambda inatoa bure kila mwezi maulizo milioni 1, pamoja na kipimo cha muda wanachokiita giga-sekunde, na hizo ni 400.000. Depo yetu inakula giga-sekunde 2.250 tu. Haijafika hata moja kwa mia ya zawadi hiyo ya giga-sekunde. Na kama hakungekuwa na zawadi, kwa bei ya Virginia faktire ingekuwa senti 6 za dola hivi. Mashini ndogo ya kukodisha kwa mwezi inaomba dola 4 ao 5, wateja waje wasije.

Hapa wengi wanaruka kwa furaha. Sisi tunasema: polepole. Fonksioni ni kipande kimoja. Kuko mlango wa kupitia, kuko daftari la kuweka data, kuko karatasi za kumbukumbu ambapo programu inaandika kila kitu ilichofanya, na kila kimoja kina bei yake. Mlango, kwa Lambda, unaweza kuupata bila kulipa zaidi tangu 2022, kwa njia inayoitwa Function URL. Zile karatasi za kumbukumbu, kama hauziwekei mwisho, zinahifadhiwa milele, na milele ya klaudi inalipiwa kwa mwezi.

Kuko habari moja ya mwaka 2024 ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua kabla ya kuandika namba ya kadi yake popote. Mtunga programu mmoja alifungua ghala ku Amazon, kule kwenye huduma ya S3, la kufanyia majaribio. Ghala tupu, limefungwa, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuingia. Siku mbili kiisha, akakuta deni la zaidi ya dola 1.300. Kumbe kuko programu moja yenye kutumiwa na watu wengi, na watengenezaji wake walikuwa wameandika ndani yake, kwa mfano tu, jina la ghala lile lile alilochagua yeye. Basi mashini za watu wasiomjua zilikuwa zinabisha mlango wake, karibu mara milioni 100 kwa siku moja. Zote zilikatazwa kuingia, lakini kila kubisha kulihesabiwa. Amazon ilimfutia deni, na mwezi wa 5 mwaka ule ikabadilisha sheria: kubisha kwa mtu asiye na ruhusa hakulipishwi tena mwenye ghala. Vizuri. Lakini msomaji wetu anajua mwenyewe dola 1.300 ni kodi ya nyumba ya miezi ngapi mu Kikula.

Kosa lingine, hili la wanaoanza, ni kioo kinachojiangalia. Fonksioni inaamshwa kila picha inapoingia mu ghala. Kazi yake ni kupunguza picha. Kiisha inaiweka picha iliyopunguzwa mu ghala lile lile. Picha imeingia, fonksioni inaamka. Inapunguza, inaweka, inaamka. Usiku mzima. Tangu 2023 Amazon inaweka ulinzi wa kukata mizunguko ya namna hii, na 2024 ulinzi ulifika hata ku S3. Dawa ya kweli, lakini, ni kutumia maghala mawili.

Wengine watasema: si kuko kengele ya bajeti? Iko. Unaandika "dola 5", na barua-pepe inakuja ukizipita. Lakini kengele inalia tu, haikati courant. Na barua-pepe yenyewe inaweza kuchelewa, ao kukukuta bila mega.

Basi tuje ku kadi, maana njo ukuta wa kwanza. Pesa za watu wengi hapa ziko mu telefoni: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Akonti ya Amazon inaomba kadi ya benki, na kijana wa miaka 19 mara nyingi hana. Kuazima kadi ya yaya ao ya mjomba hatushauri, juu ya mambo tuliyokwisha kuyasema. Lakini kuko milango isiyo na kadi, na watu wachache wanaijua.

Wa kwanza ni Cloudflare Workers. Unajiandikisha na barua-pepe tu, na unapata maulizo 100.000 bure kila siku. Ukiyamaliza, programu inagoma kujibu mpaka siku mpya ya saa za Greenwich ianze, yaani saa nane ya usiku kwetu. Hakuna deni. Kwa mtu anayejifunza, sisi tunapenda mlango unaogoma kuliko mlango unaoandika deni kimya kimya. Ubaya wake ni kwamba ile ya bure inakupa muda mdogo sana wa kufikiri, milisekunde 10 za prosesa kwa kila ulizo. Kwa kujibu "dawa iko", inatosha na inabaki.

Wa pili ni AWS Educate: masomo pamoja na laboratware za kufanyia mazoezi kwenye klaudi ya kweli, bila kadi. Wa tatu ni Azure for Students ya Microsoft: dola 100 za kutumia, bila kadi, lakini wanaomba barua-pepe ya shule. Hapo njo wengi wetu wanakwama, juu anwani yao ni ya Gmail. Chuo chenye kumpa kila mwanafunzi anwani yenye jina la chuo kinamfungulia mlango huo na mingine mingi. Si kazi ya mamilioni, na wakuu wa vyuo wanaosoma ukurasa huu wataona wenyewe.

Tuingie sasa mu habari mpya, kwa sababu jambo hili linabadilika mbio na video ya miaka mitatu nyuma inaweza kukupoteza.

Ya kwanza ni ya pesa. Video nyingi bado zinasema akonti mpya ya Amazon ni bure mwaka mzima. Ilikuwa kweli. Tangu tarehe 15 mwezi wa 7, 2025, mtu mpya anapewa dola 100 akijiandikisha, na anaweza kupata dola 100 zingine akifanya kazi kadhaa za kujifunza. Mpango wa bure unadumu miezi sita, ao mpaka pesa iishe. Ile zawadi ya Lambda ya maulizo milioni 1 iko yake kando, inaendelea. Mwanafunzi mwenye akili hafungui akonti siku ya kwanza ya udadisi: anajifunza kwanza bila akonti, kiisha anafungua ile siku iko na kitu cha kuweka.

Ya pili: tangu tarehe 1 mwezi wa 8, 2025, muda wa kuamka unalipiwa. Fonksioni iliyolala sana inachukua muda kidogo kuvaa nguo kabla ya kujibu, na zamani, kwa fonksioni za kawaida za Lambda, muda ule haukuhesabiwa. Leo unahesabiwa. Kwa depo yetu ya dawa ni senti za senti. Lakini inamfundisha mtunga programu adabu: usibebe maktaba nzima juu ya kazi ya mistari kumi.

Ya tatu inawagusa wale wanaojifunza ku YouTube. Mwisho wa 2025, Lambda ilipokea Node.js 24, na mu ile Node fonksioni zinazojibu kwa njia ya zamani, ile ya "callback", hazikubaliwi tena. Masomo mengi ya 2017 na 2018 yanaandika vile. Utanakili mstari kwa mstari, utahakikisha kila herufi, na itakataa, na utafikiri wewe njo mjinga. Hapana. Somo limezeeka. Tafuta lenye kuandika "async", na angalia tarehe ya video kabla ya kutumia mega.

Na mwezi wa 12, 2025, ilikuja fonksioni zinazoweza kungoja. Kawaida, Lambda haiwezi kukaa macho zaidi ya dakika 15. Hizi mpya, "durable functions", zinaweza kufanya hatua moja, kulala bila kulipisha, kungoja jibu hata mpaka mwaka mmoja, kiisha kuendelea pale zilipoachia. Fikiria mzazi aliyeanza kulipa minerval kwa telefoni na hajahakikisha namba yake ya siri. Programu inangoja, haisahau. Kwetu, ambapo mtu anaanza malipo na réseau inamkimbia katikati, hii tunaiona kuwa habari kubwa kuliko zote za mwaka.

Ile kelele kubwa ya mwaka, lakini, ilikuwa tarehe 20 mwezi wa 10, 2025. Ilikuwa inakaribia saa tatu ya asubuhi kwetu. Kule Virginia ya kaskazini, kwenye mashini za zamani na kubwa za Amazon, kitabu cha anwani cha huduma moja ya data inayoitwa DynamoDB kilibaki tupu: mashini mbili zinazojiendesha zenyewe zilikuwa zinakiandika pamoja, zikafutana. Data zilikuwepo, lakini hakuna aliyejua mlango uko wapi. Lambda ikalemaa pamoja na huduma zingine. Snapchat, Signal, hata benki za Uingereza ziliguswa, na kazi ya kurudisha vitu mahali pake ilifika usiku wetu. Mwezi uliofuata, tarehe 18, zamu ya Cloudflare: saa kadhaa za kuanguka. Kumbe na wao wana delestaji yao. Tofauti ni kwamba wao kiisha wanaandika barua ndefu ya kueleza nini ilikatika, saa ngapi na kwa nini, na barua zile mbili ni somo zuri kuliko vitabu vingi. Zisome, hata kwa msaada wa kamusi.

Jambo la umbali nalo tusilisahau. Kutoka Likasi mpaka Virginia ni karibu kilomita 12.000 kwa mstari wa ndege. Mwanga mu fibre unakimbia kilomita kama 200.000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 120, na hiyo kama njia ingekuwa imenyooka, na haijanyooka. Microsoft iko Johannesburg na Cape Town tangu 2019, Amazon imefungua Cape Town 2020, Google Johannesburg mwezi wa 1, 2024. Johannesburg iko kilomita kama 1.700 kutoka hapa. Kinshasa yenyewe iko karibu 1.450. Ni kusema, kwa mashini, Afrika Kusini na kapitali yetu ni majirani sawa, na barabara ya fibre ya kushuka Kasumbalesa kupitia Zambia si geni kwa mtu wa Katanga. Kinshasa sasa kuko nyumba kubwa ya data, OADC Texaf, iliyofunguliwa 2024, lakini pale unaweka mashini zako mwenyewe. Fonksioni za kulipia kwa safari hauzikuti. Bei ya Cape Town inapita ya Virginia kidogo. Kwa programu inayotumiwa na watu wa hapa, sisi tungelipa hiyo tofauti.

Namna gani kujifunza, basi, ile saa courant inacheza na mega ni za kuhesabu?

Tunaona watu wanajifunza mbele ya video, mega zinakwisha, na mikono haijagusa kitu. Sisi tungefanya kinyume. Siku moja, mahali penye connexion nzuri, unapakua kila kitu: Node.js, mhariri wa programu, na "wrangler", chombo cha Cloudflare. Unafungua DevDocs mu navigateur na kuiambia ihifadhi vitabu vya JavaScript na Python visomeke bila intaneti. Kuko tena Kiwix, ile inayobeba Wikipedia nzima mu faili, na inabeba vitabu vya watunga programu pia. Unaweka vyote ku clé USB, na clé inapita mkono kwa mkono, kama vile tulivyozoea na sinema.

Kiisha unarudi ku nyumba. "Wrangler dev" inawasha ku ordinateri yako mashini ileile inayofanya kazi kwa Cloudflare, maana kampuni iliifungua kwa watu wote mwaka 2022. Unaandika, unabonyeza, inajibu, na intaneti haiko. Amazon nayo iko na chombo chake, SAM, lakini kwa majaribio ya ku nyumba kinategemea Docker, na Docker ni mzigo: mega mamia na mamia kabla ya kusema bonjour. Kwa ordinateri ya giga 4, anza na ile nyepesi. Ordinateri ya mikononi yenye betri nzuri inakupa saa mbili, tatu za giza. Zinatosha kwa fonksioni moja.

Ukiwa umezoea, kuko Serverless Land, tovuti ya Amazon yenye mifano mingi iliyokwisha kuandikwa. Unachagua mmoja, unasoma namna vipande vinaungana. Iko kwa Kiingereza. AWS Skill Builder iko na masomo ya bure, mengine kwa Kifaransa. Yan Cui, anayejulikana kama The Burning Monk, anaandika sana juu ya makosa ya kweli ya kazi hii, na tunamkubali kuliko wauzaji wa masomo wanaoahidi mshahara wa dola kwa wiki sita. Habari za miezi mitatu mitatu, Amazon inazikusanya mu makala moja. Kusoma hiyo mara nne kwa mwaka kunatosha, hakuna haja ya kukimbiza kila tangazo.

Kwa zoezi la kwanza, achana na duka la viatu ambalo kila somo linakuomba utengeneze. Fanya USSD. Ni ile ya kubonyeza nyota na namba, ambayo mama wa soko anaijua kuliko mwanafunzi wa informatique, na inaenda hata ku telefoni ya mabutoni. Kampuni ya Nairobi, Africa's Talking, iliyoanzishwa 2010, iko na uwanja wa majaribio wa bure wenye telefoni ya mfano ndani ya navigateur. Kazi iko wazi: mtu akibonyeza, wanaitumia fonksioni yako namba yake na yale aliyochagua, yameunganishwa na nyota, kama "1*2". Wewe unajibu maandishi. Yakianza na CON, mazungumzo yanaendelea. Yakianza na END, yamekwisha. Ni hivyo tu. Mistari thelathini, na uko na orodha ya dawa inayosomeka ku telefoni yoyote. Na hapo njo utaelewa maana ya fonksioni inayochelewa kuamka, maana USSD haingoji: sekunde chache zikipita, mtandao unamkatia mteja. Kupata namba ya kweli kwa kampuni ya simu hapa Congo ni kazi ingine, yenye makaratasi yake. Zoezi haliombi.

Siku ukitaka kuitoa mu zoezi na kuipeleka kwa depo ya kweli, ujue kuko Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, na iko na sehemu nzima juu ya data za watu. Orodha ya dawa haina shida. Ukianza kuandika jina la mgonjwa na dawa anayokunywa, na daftari liko Cape Town ao Virginia, si mchezo tena. Mwenye depo apaswa kuambiwa liko wapi, na mwanasheria aulizwe kabla. Ushauri wetu kwa anayeanza ni mwepesi: usikusanye jina usilolihitaji.

Wazazi wanatuuliza mara nyingi habari ya diplome. Ile ya kwanza ya Amazon, Cloud Practitioner, inaomba dola 100: maulizo 65, dakika 90, na inakuwa na nguvu miaka mitatu. Iko kwa Kifaransa. Ukishindwa, unangoja siku 14 na unalipa tena. Sisi hatusemi isifanywe, lakini mtoto asilipiwe dola 100 kabla hajaonyesha, mbele ya macho ya baba na mama, fonksioni yake moja inajibu ku telefoni. Na kama anaufanyia ku nyumba, kamera inapaswa kuwaka kutoka mwanzo mpaka mwisho, connexion isikatike, na mtu asiingie mu chumba. Atafute kwanza mahali penye groupe, ajaze mazutu kwa saa mbili, na watoto wadogo wapelekwe kwa shangazi.